Reli Iliyouzwa Bila Kujengwa

Ukitazama ramani ya reli za Msumbiji utaona njia tatu kubwa zinazotoka baharini kwenda bara: ya Maputo kusini, ya Beira katikati, na ya Nacala kaskazini. Ukivuka mto Lúrio ukaenda juu, kupitia Pemba, Ibo, Mocímboa da Praia na Palma hadi mdomo wa Ruvuma, hukuti kitu. Mkoa wa Cabo Delgado hauna reli hata moja. Wengi huridhika na jibu la haraka: huko ni mbali, watu ni wachache, na Wareno walikuwa maskini. Jibu hilo lina ukweli wake, lakini linafunika jambo moja kubwa. Tangu 1891 hadi 1929 nchi yote kati ya Lúrio na Ruvuma, kutoka pwani hadi Ziwa Nyasa, karibu robo ya Msumbiji ya leo, iliwekwa mikononi mwa kampuni moja, Companhia do Nyassa, na reli ya kutoka ghuba ya Pemba hadi ziwani ilikuwa miongoni mwa ahadi zake kuu. Reli hiyo ilizungumzwa Lisbon na London, na mwishowe mabenki ya Ujerumani nayo yakavutwa. Haikujengwa. Hoja ninayoileta hapa ni kwamba tusiihesabu kuwa ni mradi ulioshindikana. Ahadi ya reli ndiyo iliyokuwa bidhaa, ikauzwa na kununuliwa mara kadhaa, na kila ilipouzwa kuna waliopata faida. Bei ya kutojengwa kwake ililipwa na wenyeji, kwa kodi, kwa miguu na kwa vichwa vyao.

Tuanze na makaa ya mawe, maana ndiyo yaliyoamsha tamaa kabla kampuni haijazaliwa. Livingstone alipanda mto Ruvuma katika miaka ya 1860, na habari za makaa katika bonde lile zikafika Unguja. Sultani Barghash bin Said alikuwa na meli zake za moshi, na makaa ya kuziendesha yalitoka ng'ambo kwa gharama kubwa. Mwaka 1881 akamwajiri Mskoti Joseph Thomson, kijana aliyekuwa ametoka tu katika safari ya maziwa makuu, aende bonde la Ruvuma akahakikishe. Thomson akaenda, akayaona mawe meusi yenyewe, akarudi na jibu chungu: ule ulikuwa mwamba wa matabaka uliochanganyika na lami kidogo, si makaa ya kuendeshea meli. Sultani hakupendezwa. Lakini tamaa ya makaa haizimwi na jibu la mtaalamu mmoja, na wasafiri waliofuata waliendelea kuyataja makaa ya mto Lugenda, unaoingia Ruvuma, kana kwamba Thomson hakuwahi kufika huko.

Hapo ndipo mpinzani wa kwanza anaposimama na kusema: basi sababu ndiyo hiyo, hapakuwa na makaa, na reli bila mzigo mzito ni hasara. Nakubali kwamba Thomson aliona sawasawa alichokiona. Sikubali kwamba jambo liliishia hapo. Matabaka yenye makaa yamo katika bonde la Maniamba, karibu na Ziwa Nyasa upande wa Msumbiji; na ng'ambo ya Ruvuma, katika mkoa wa Ruvuma wa Tanzania, makaa ya Ngaka yanachimbwa tangu 2011 na kupakiwa kwenye malori hadi bandari ya Mtwara, umbali usiopungua ule ulioifanya kampuni ilione ziwa kuwa mbali. Mali ilikuwepo. Kuitafuta kulihitaji watu wa kupima ardhi kwa miaka, na miaka ya kupima ni miaka ya kulipa mishahara bila kuingiza kitu. Kampuni ya Nyasa haikuundwa kwa kazi ya namna hiyo.

Iliundwaje? Januari 1890 Uingereza iliipa Ureno amri ya kuondoa majeshi yake katika nchi za kati ya Angola na Msumbiji, na Ureno ikanywea. Mkutano wa Berlin ulikuwa umekwisha kuweka sharti kwamba anayedai pwani ya Afrika aonyeshe kuwa anaitawala kweli, na Hazina ya Lisbon ilikuwa tupu; mwaka 1892 serikali ilishindwa kulipa madeni yake. Dawa iliyopatikana ilikuwa kukodisha utawala. Kampuni ya Msumbiji ikapewa nchi ya Beira, na Septemba 1891 hati ya kifalme ya kaskazini ikatolewa kwa mfanyabiashara wa Lisbon, Bernardo Daupias. Mwenye hati alipewa haki ya kutoza kodi na ushuru wa forodha, kugawa ardhi, kuchimba madini, hata kuendesha posta. Kwa upande wake akabeba wajibu wa kuistawisha nchi, na reli ya ziwani ilikuwa kilele cha wajibu huo. Daupias hakuwa na fedha za kujenga hata gati. Alichokuwa nacho ni karatasi yenye muhuri, na karatasi hiyo ikapata wanunuzi haraka miongoni mwa wenye mitaji wa Uingereza na Ufaransa. Ofisi ikabaki Lisbon kwa ajili ya sheria; maamuzi yakahamia London.

Mwaka 1894 kampuni ilikabidhiwa nchi pale Ibo, kisiwa cha Wamwani na wafanyabiashara wa Kihindi, chenye ngome ya Wareno yenye umbo la nyota iliyojengwa karne moja kabla. Ilichopokea hasa ni forodha. Ushuru wa Ibo ndio uliokuwa mapato ya uhakika, kwa sababu jahazi haliwezi kujificha bandarini, wakati bara utawala wa Mreno ulikuwa jina tu. Mataka, mtawala wa Wayao, alikuwa amemuua Luteni Valadim mwaka 1890, na mji wake wa Muembe haukukamatwa na kampuni hadi 1912. Uwanda wa juu wa Wamakonde ulianza kutawaliwa kwa nguvu mwaka 1917, yaani kampuni ilipokuwa imekwisha kutumia theluthi mbili za umri wake kwa hesabu ya karibu. Mwanzoni mwa karne ya ishirini makao yalihamishwa kutoka Ibo kwenda ghuba ya Pemba, mji ukaitwa Porto Amélia kwa heshima ya malkia wa Ureno. Ghuba ile ni pana na ina kina kirefu, meli kubwa huingia bila taabu, na ilichaguliwa kwa kuwa ndiyo ingekuwa mdomo wa reli. Ibo ikadorora kwa ajili ya kituo cha treni ambayo haikuja. Huo ni uharibifu halisi uliotokana na mradi wa kufikirika, na sijui kama kuna mwenye hisa aliyewahi kuutia hesabuni.

Kuna ushahidi mdogo unaosema mengi: stempu za posta. Toleo la 1901, lililochapwa London katika kiwanda cha Waterlow, lina picha za twiga na ngamia zilizochorwa kwa ustadi mkubwa, na jina la kampuni limeandikwa juu yake. Ngamia, katika nchi ya mbung'o! Mchoraji hakuwa na haja ya kujua wanyama wa Cabo Delgado, kwa sababu stempu zile soko lake kubwa lilikuwa wakusanyaji wa Ulaya, waliozipenda kwa uzuri wake na ugeni wake. Kampuni ilikuwa na posta isiyo na barua nyingi za kupeleka, lakini stempu zake ziliuzika. Anayetaka kuielewa reli ya Pemba aanzie kwenye stempu hizi. Katika zote mbili kampuni iliuza sura ya huduma kwa watu waliokaa mbali kiasi cha kutoweza kuuliza huduma yenyewe iko wapi.

Tazama sasa jinsi umiliki ulivyobadilishana mikono. Kuanzia miaka ya mwisho ya 1890 makundi ya London yalipokezana hisa, kila moja likiunda kampuni juu ya kampuni, miongoni mwake Ibo Investment Trust mwaka 1899. Mwaka 1908 likaja kundi la Nyassa Consolidated, lililofungamana na migodi ya Afrika Kusini. Hawa walijua wanachokitaka, nacho hakikuwa reli wala pamba. Walitaka wanaume. Kampuni ikawa wakala wa kuwaandikisha vijana wa kaskazini kwenda Johannesburg kuchimba dhahabu, na kila kichwa kikalipiwa. Vijana wa nchi za joto walikufa kwa wingi kwenye baridi na vumbi la migodi hiyo ya Rand, hasa kwa nimonia, hadi mwaka 1913 serikali ya Afrika Kusini ikapiga marufuku kuwachukua watu wa kaskazini ya latitudo 22 Kusini. Mlango wa biashara ile ukafungwa, na ndani ya muda mfupi hisa nyingi za kampuni zikauzwa kwa kundi la mabenki ya Ujerumani. Mfuatano huo si wa bahati. Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimepanga kisirisiri mwaka 1898, na zikapanga tena 1913, namna ya kugawana makoloni ya Ureno iwapo Ureno ingefilisika, na kaskazini mwa Msumbiji ilikuwa fungu la Wajerumani. Kwa hiyo hisa za kampuni isiyo na reli, isiyo na mgodi na isiyoitawala hata nusu ya nchi yake zilikuwa na thamani, kwa kuwa zilikuwa rehani ya ardhi. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka, Uingereza ikazitwaa hisa hizo, na hatimaye zikaangukia kwa Owen Philipps, tajiri wa meli za Union-Castle.

Vita hivyo ndivyo vilivyofichua gharama ya reli iliyokosekana. Katika nchi ya mbung'o ng'ombe hafungwi mkokoteni wala punda hadumu. Mzigo huenda kwa treni au kwa kichwa cha mtu. Wareno walishusha majeshi yao Porto Amélia, Mocímboa da Praia na Palma, wakaikamata Kionga, iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani, mwaka 1916, na kila gunia la unga na kila sanduku la risasi vikaondoka pwani mabegani mwa wapagazi. Novemba 1917 kamanda wa Wajerumani, von Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma pale Negomano, akaiteka kambi ya Wareno pamoja na silaha zake, akaingia ndani ya nchi. Waingereza nao wakashuka Porto Amélia kumfuata kwa njia ya Montepuez, na wapagazi wakahitajika zaidi. Waliokamatwa kubeba walikuwa makumi ya maelfu. Fikiria hesabu yenyewe ilivyo katili. Mpagazi hubeba kama kilo 25, na yeye mwenyewe hula takriban kilo moja ya unga kwa siku; kwa mwendo wa siku 12 kwenda na 12 kurudi, chakula chake mwenyewe kinakaribia kulingana na mzigo wote alioubeba. Ili askari mmoja wa mbele apate chakula, lazima uwepo msururu wa watu wanaokula barabarani, na msururu huo ukikatika anayelala njaa kwanza ni mpagazi. Askari wa Kireno waliokufa kwa malaria na kuhara wana minara yao ya kumbukumbu. Wapagazi wa Kimakonde, Kimakua na Kimwani walizikwa kando ya njia, katika uelekeo uleule ambao reli ingepita.

Hapa mpinzani wa pili, mwenye hoja nzito kuliko wa kwanza, ana haki ya kusikilizwa. Atasema: unailaumu kampuni kwa jambo ambalo biashara ilikuwa imekwisha kulikataa. Pemba hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 600 kwa mstari ulionyooka. Nyasaland (Malawi ya leo), mteja pekee mkubwa wa upande ule, ilikuwa na njia nyingine: reli ya Shire ilifika Nsanje mwaka 1908, ikashuka hadi Zambezi, na mwaka 1922 reli ya ng'ambo ya mto ikaiunganisha na Beira, daraja likafuata 1935. Hata Wajerumani wa Tanganyika, wenye fedha na mainjinia, waliipima reli yao ya kusini kutoka Kilwa kwenda Ziwa Nyasa na hawakuijenga. Kama Mjerumani alishindwa, Mreno angewezaje? Isitoshe, Kampuni ya Msumbiji yenye hati inayofanana ilipata reli yake, Beira hadi Umtali, mwaka 1898, kwa kuwa nyuma yake walikuwapo walowezi na migodi ya Rhodesia. Tofauti basi ni ya mizigo, wala si ya uaminifu.

Sehemu kubwa ya hoja hiyo ni kweli, na ndiyo inayoifanya hatia ya kampuni iwe wazi zaidi. Ikiwa wenye akili ya biashara walijua mapema, tuseme kufikia 1908, kwamba mzigo wa ziwani umekwenda kusini, kwa nini reli iliendelea kutajwa kila hisa zilipouzwa? Kwa sababu bila reli hati ile ilikuwa leseni ya kutoza kodi tu, na leseni ya kutoza kodi kwa wakulima maskini haipandishi bei ya hisa. Na kuna jambo ambalo mfano wa Beira hauligusi. Reli ingepandisha bei ya kazi. Mkulima wa Montepuez au Balama ambaye angeweza kupakia ufuta, karanga na nta yake kituoni angelipa kodi ya kibanda kwa mauzo ya shamba, asingekuwa na sababu ya kujiandikisha kwenda Rand wala kufanya kazi ya shokoa. Kampuni iliyoishi kwa kuuza nguvu za watu ingekuwa inajenga kitu cha kuwapa watu hao njia ya kuikwepa. Sidai kwamba wakurugenzi walikaa mezani wakaamua hivyo. Nadai kwamba kila mara walipokuwa na shilingi ya kutumia, ushuru wa Porto Amélia na kodi ya vibanda vilitoa faida bila gharama, na hakuna mwenye hisa aliyewahi kupata hasara kwa kutojenga.

Miaka ya 1920 inathibitisha hilo. Mkataba ulikuwa unakaribia kwisha, haukuwa na dalili ya kuongezwa, na kampuni ikafanya anavyofanya mpangaji anayejua tarehe ya kuhama: ikakamua. Kodi ya kibanda ilipandishwa tena na tena, wasioweza kulipa wakasukumwa kwenye kazi za lazima, na maelfu wakavuka Ruvuma kwenda Tanganyika, ambako mashamba ya mkonge yalihitaji watu. Mtu aliyeondoka uwanda wa Mueda kwenda Lindi au Tanga alitembea. Oktoba 1929 utawala mpya wa kijeshi wa Lisbon uliiacha hati ikafa, na serikali ikapokea nchi isiyo na kilomita moja ya reli ya ziwani.

Reli ya kaskazini ikajengwa kwingine, taratibu, na serikali: kutoka Lumbo, mkabala wa Kisiwa cha Msumbiji, kwenda Nampula, kisha Cuamba, na tawi la Nacala baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1970 ikaunganishwa na Malawi. Yote hayo yalipita kusini ya Lúrio au bara sana. Na makaa yalipofika hatimaye, hayakutoka Lugenda. Kampuni ya Brazili, Vale, ilipata mgodi wa Moatize mkoani Tete mwaka 2004, ikaanza kusafirisha nje mwaka 2011 kwa reli ya Sena hadi Beira, ikaona njia hiyo haitoshi, ikajenga yake: kilomita 912 kutoka Moatize, kukatiza Malawi, hadi gati jipya la Nacala-a-Velha, zikiwemo takriban 200 za reli mpya kabisa, kwa zaidi ya dola bilioni 4, na uwezo wa tani milioni 18 za makaa kwa mwaka. Ilizinduliwa rasmi 2017, Mitsui ya Japani ikiwa mbia. Kilichochukua miaka 38 bila kufanyika Pemba kilifanyika Nacala ndani ya miaka michache.

Mtu anaweza kuugeuza mfano huu dhidi yangu: kumbe mtaji wa kigeni hujenga, mzigo ukiwepo. Hujenga, ndiyo, pale mwenye mzigo na mwenye reli wanapokuwa mtu mmoja. Lakini tuangalie inajengwa kwa ajili ya nani. Treni za mabehewa 120 hupita vijijini zikiwa na shehena ya mtu mmoja. Zaidi ya kaya 1,300 zilihamishwa kupisha mgodi, na Januari 2012 waliohamishiwa Cateme waliifunga reli kwa miili yao wakidai mashamba na maji waliyoahidiwa, polisi wakawatawanya. Kisha, Desemba 2021, Vale ikakubali kuuza mgodi na reli kwa Vulcan, ya kundi la Jindal la India, kwa dola milioni 270, sehemu ndogo tu ya gharama ya ujenzi. Hati imebadilika mikono tena, na wanaoishi kando ya njia hawakuulizwa safari hii pia. Tofauti na enzi ya Nyasa, safari hii vyuma vimebaki ardhini, na treni za abiria za Nampula na Cuamba bado zinavitumia. Hiyo si faida ya kudharau.

Wala sisemi kwamba reli yoyote ni bora kuliko kukosa. Kaskazini ya Ruvuma Waingereza walijenga reli ya mkoa wa kusini kwa ajili ya mradi wa karanga wa Nachingwea mwishoni mwa miaka ya 1940, karanga zikashindwa, na mwaka 1962 reli ikafungwa, vyuma vikang'olewa. Mtwara ikabaki na bandari nzuri isiyo na njia ya chuma nyuma yake, na hadi leo reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga, inaishi kwenye mafaili. Pande zote mbili za mto zimezoea kuishi na reli za makaratasi.

Cabo Delgado ya sasa ina madini yaleyale ambayo waandishi wa matangazo ya hisa wangeyapenda. Grafiti ya Balama kwa sehemu kubwa husafiri kwa malori hadi Nacala, mkoa mwingine, ikiiacha ghuba ya Pemba iliyokuwa karibu zaidi. Gesi ya Palma, iliyogunduliwa mwaka 2010, haihitaji treni kabisa. Itatoka Afungi, hukohuko Palma, moja kwa moja kwa meli. Kwa hiyo mzigo ambao ungeweza kuilipia reli ya Pemba upo, na unaenda zake. Atakayekuja kesho na ramani yenye mstari mwekundu kutoka Pemba hadi Lichinga atakaribishwa, na aombwe kitu kimoja kabla ya kupewa hati: aandike ndani ya mkataba ni fedha kiasi gani atazipoteza yeye, mwaka wa kwanza na kila mwaka, endapo hatatandika chuma.